Mama Haongei Nawe na Harusi Imekaribia: Mwongozo Kamili

Kikao cha pili cha kamati, chumba cha nyuma cha baa moja huko Pasiansi, Mwanza. Katibu akaweka kalamu juu ya karatasi, akauliza: "Upande wa bibi harusi, baba ni marehemu. Mama tumwandike nani?" Watu kumi na wanne wakanigeukia. Mimi nikaitazama chupa yangu ya soda. Mama yangu alikuwa hai, mzima, anaishi ng'ambo ya maji huko Sengerema, na tulikuwa na mwaka mmoja na miezi minane hatujasemeshana.

Hiyo ilikuwa 2023. Tangu hapo nimekuwa katibu wa kamati za wenzangu, Kirumba mpaka Buhongwa, na kalamu ile nimeiona ikisimama mara nyingi kuliko nilivyodhani. Safari nyingine mwenye shida ni bwana harusi, na wanaume huificha zaidi. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio wa kama miezi mitatu. Kama una wiki tatu tu, soma hatua ya nne, ya tano na ya saba, mengine utayarudia.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linalobeba yote: harusi ina tarehe, ugomvi hauna. Ukiulazimisha ugomvi uishe kwa sababu ukumbi umeshalipiwa, utaharibu vyote viwili.

Hatua ya 1: Uandike ugomvi kwa sentensi mbili

Chukua karatasi, si simu. Sentensi ya kwanza, alichofanya yeye. Ya pili, ulichofanya wewe. Basi.

Yangu ilikuwa hivi: "Mama aliuza kiwanja cha Buhongwa alichoacha baba ili amnunulie kaka nyavu na injini ya mtumbwi wa dagaa. Nikamwambia kwenye simu kwamba anamzika baba mara ya pili." Nilipoiandika ndipo nilipogundua kuwa kwa mwaka mzima nilikuwa nahesabu sentensi moja tu.

Karatasi hiyo itakuonyesha uko kwenye kundi gani, maana dawa zake hazifanani. Ugomvi wa mali unasubirika, kiwanja hakitahama. Ugomvi wa maneno unadai anayejua amekosea aanze. Mama asiyemtaka mchumba wako, usimpelekee mchumba kumshawishi, mpelekee habari tu. Mama aliyeondoka ukiwa mdogo ukalelewa na bibi au shangazi, hilo ni zito kwa namna yake, na kabla hujamtafuta zungumza kwanza na aliyekulea, asije akasikia kwa watu kwamba kiti chake kimepata mwenyewe.

Halafu kuna kundi ambalo wazee hawapendi tulitaje: mama aliyekupiga, aliyekuuza, anayefika kwenye shughuli amelewa na kutukana wageni. Kama ndiye wako, huna deni la kumtafuta. Nenda moja kwa moja hatua ya saba ukapange ulinzi wa siku yako. Anayekwambia "mama ni mama" mara nyingi hakulala nyumba moja na huyo mama.

Hatua ya 2: Jua ndoa inahitaji nini hasa

Watakutisha. Mimi niliambiwa na mama mmoja wa jirani, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ndoa bila radhi ya mama haifungiki. Usibishane naye, ila ujue ukweli ili usiku ulale.

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mtu mzima aliyefikisha miaka 18 anaridhia ndoa yake mwenyewe. Ridhaa ya mzazi sheria hiyo iliidai kwa binti aliye chini ya umri huo tu, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilisema hata kifungu hicho kinakiuka Katiba. Taarifa ya nia ya kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili. Mahari kutokamilika hakubatilishi ndoa iliyofuata masharti mengine. Mtu anaweza kuweka pingamizi, lakini awe na sababu inayotambulika kisheria kuwa ni kizuizi: kwamba mmoja tayari yumo kwenye ndoa ya mke mmoja, kwamba ni ndugu wa damu wasioruhusiwa kuoana, na mambo ya aina hiyo. Hasira si kizuizi.

Kanisani ni vilevile. Matangazo yanasomwa ili anayejua kizuizi aseme. Mama aliyenuna hajawa kizuizi. Hata hivyo mwone padri au mchungaji mapema umweleze hali, asije akashangaa siku ya mafundisho. Kwa Waislamu, walii wa binti hutoka upande wa baba, kwa hiyo kukosekana kwa mama hakuigusi akidi ya ndoa. Kama baba ni marehemu, sheikh atakuelekeza nani anafuata katika mpangilio. Hayo hayamaanishi dini inadharau radhi ya mama, sote tunajua uzito wake. Ila radhi ni kitu kimoja na uhalali wa ndoa ni kingine, na anayevichanganya anakuongezea mzigo usio wako.

Hatua ya 3: Mwambie mchumba, na wakwe waambiwe kidogo

Mchumba aambiwe yote, pamoja na ile sentensi ya pili. Wakwe wapewe kipimo: "Mimi na mama hatujakaa sawa, tunalishughulikia kifamilia." Wasipoambiwa na wewe wataambiwa na mshenga, na mshenga ataongeza chumvi.

Hatua ya 4: Chagua mjumbe kwa makini kuliko ulivyochagua ukumbi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza wa kwanza. Nilimtuma mjomba. Mjomba ni mtu mwema, ana sauti, anaheshimika, na ndiyo iliyokuwa shida. Alifika, akakaa, akaanza kumhukumu dada yake kuhusu kiwanja. Alirudi akiwa amekasirika yeye, mama amekasirika zaidi, na sasa nilikuwa na ugomvi wa pande tatu.

Mjumbe mzuri ni yule ambaye mama anaweza kumwambia "hapana" bila kuona aibu. Kwa kawaida ni dada yake, au rafiki yake wa kikoba, au mwenzake wa jumuiya. Kiongozi wa dini mweke akiba. Ukianza naye, mama ataona umemshtaki. Mtoto mwenzenu aliyemo ndani ya ugomvi, usimguse kabisa. Na mjumbe asitoke kwenye kamati, kwa sababu yanayosemwa kwenye kamati yanafika Igoma kabla ya wajumbe.

Mpe mjumbe sentensi moja, umkaririshe. Yangu kwa mama mkubwa ilikuwa: "Mwambie naolewa tarehe fulani, na ningependa nije kumsalimu kabla." Hakuna "samahani" ndani yake, hakuna kiwanja, hakuna "anakosea". Mama akianza kuufungua ugomvi, mjumbe ajibu tu, "Hayo utamwambia mwenyewe akija."

Chagua na siku. Mama anaishi na kaka, na kaka ni mvuvi wa dagaa. Wakati wa mbalamwezi yuko nyumbani anatengeneza nyavu. Wakati wa giza yuko visiwani. Tukasubiri giza. Mama mkubwa akaenda Jumanne asubuhi, akamkuta mdogo wake peke yake anaanika michembe ya viazi vitamu. Wakati ule ilikuwa lazima ungoje kivuko pale Kigongo, na foleni yenyewe ilikuwa kisingizio kizuri cha kutokwenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, visingizio vimepungua.

Mjumbe asiende mikono mitupu, wala asiende amebeba kana kwamba anapeleka posa. Sukari, majani ya chai, doti moja ya kanga. Kwenye kanga ndipo uangalie. Tulikwenda Makoroboi mimi na mama mkubwa. Muuzaji anakunjua, mama mkubwa anasoma kila jina kwa sauti kabla ya kutazama rangi. Nilipenda moja ya zambarau, imeandikwa "Wema hauozi". Akaikunja, akamrudishia muuzaji. "Hii atauliza wema wa nani." Tukachukua "Nani kama mama", ambayo kila mtu anayo na inachosha, lakini haina kona.

Hatua ya 5: Sikilizia marahaba

Mjumbe akirudi na jibu lolote ambalo si mlango uliopigwa kufuli, piga simu wewe. Usitume sauti ya kurekodi ya dakika sita, atawasikilizisha majirani. Usipige usiku. Usipige ukiwa na watu, wala ukiwa umetoka kulia.

Sema "Shikamoo mama", kisha unyamaze.

Hapo ndipo utajua ulipo. Mtu wa kwetu anaweza kukataa kadi, kukataa mahari, kukataa hata kukuita jina, lakini kuinyima shikamoo jibu lake ni kazi ngumu sana. Ulimi wenyewe unakataa. Mama yangu alisema "Marahaba." Halafu kimya. Nilisikia jogoo, nikasikia mtu anapita na baiskeli inayolia mnyororo. Nikataka kujaza kile kimya kwa maelezo. Nashukuru sikujaza. Baadaye akasema, "Dada yako mkubwa amefika salama?" akimaanisha mama mkubwa, na akakosea udugu kabisa, nikajua na yeye anatetemeka.

Kama simu hapokei, andika ujumbe mfupi. Unaweza kuuchukua huu na kubadilisha unavyotaka:

"Shikamoo mama. Ni mimi. Naolewa tarehe fulani, saa nane mchana, mahali fulani. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Mengine si ya kwenye simu. Ukiwa na nafasi nitakuja kukusalimu."

Usome kwa sauti kabla hujautuma. Palipo na "lakini", "hata kama" au "pamoja na yote", futa. Ukiona hajajibu siku tatu, usitume mwingine wa kuuliza kama aliupata. Aliupata.

Hatua ya 6: Omba kitu kimoja kidogo

Ukimwona uso kwa uso, kama ile sentensi ya pili ya karatasi yako ni kweli, iombee radhi hiyo peke yake. "Mama, lile neno nililokwambia siku ile, nilikosea." Usiongeze kwamba ulikasirishwa. Alichokosea yeye kiache kwenye karatasi. Kwa miezi mitatu hii hakina haraka.

Kisha omba kitu kimoja ambacho anaweza kukifanya bila kujishusha. Aje kanisani au msikitini tu, ukumbini si lazima. Au apokee wageni wa upande wa kiumeni nusu saa. Au akuombee dua hapohapo sebuleni. Usimwombe akusamehe mbele za watu, usimwombe mchango, na usimwombe apatane na kaka, shangazi au mkwe. Nimemwona bibi harusi mmoja akimpelekea mama yake orodha ya mambo saba. Hakupata hata moja.

Kuhusu fungu la mama kwenye mahari, yaani vitenge, blanketi, au fedha iliyotajwa kwa jina lake katika barua: lisizuiwe. Watu hufanya hivyo kumwadhibu, na miaka kumi baadaye bado linatajwa misibani. Lipelekwe na wazee, likabidhiwe mbele ya shahidi, likiwa limetengwa kabisa na mazungumzo ya kumwomba aje. Ukiviunganisha, fungu lake litageuka hongo. Akikataa kupokea, lihifadhiwe kwa dada yake, na iandikwe.

Hatua ya 7: Panga shughuli kana kwamba hatakuja, ukiacha nafasi akija

Hii ni kazi ya karatasi, na ndiyo inayookoa siku. Kaa na katibu na mwenyekiti tu, si kamati nzima.

Kadi. Achana na "Familia ya Bwana na Bibi". Andika "Ukoo wa" na jina la ukoo, au "Familia ya marehemu" kama baba hayupo. Hakuna atakayeuliza. Mpelekee mama kadi yake kama mgeni wa heshima, imeandikwa jina lake, na asiambiwe atoe kitu.

Mama wa kuwakilisha. Kwenye sendofu, mshereheshaji ataita "mama mzazi" walau mara nne: kuingia ukumbini, kutambulishwa, keki, na zawadi ya wazazi. Mtafute mtu mmoja asimame zote nne, na mwambie ukweli mapema: "Mama akija, utampisha." Mama mkubwa alijibu, "Nitampisha na mkoba wangu nitaubeba mwenyewe." Mtu atakayeona uchungu kupisha, usimpe nafasi hiyo.

Mshereheshaji. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona likiua sherehe. Washereheshaji wa mjini wanapenda machozi. Akisikia fununu tu, atashika kipaza sauti na kusema "mama popote ulipo, mwanao anakulilia", na ukumbi mzima utanyanyua simu kurekodi. Mpe ratiba ya maandishi, maneno "mama mzazi" yafutwe yaandikwe "wazazi na walezi", na mwenyekiti amwambie mdomo kwa mdomo kwamba jambo hilo haligusi. Kabla hajalipwa, si baada.

Sare. Kata kitenge cha mama pamoja na vya wengine, umpelekee kikiwa hakijashonwa. Kumshonea ni kumwamuru aje. Kitambaa peke yake hakiamuru kitu.

Kiti. Acha viti viwili visivyo na majina mstari wa pili, na mtu mmoja mlangoni anayemfahamu kwa sura. Akija kwa amani, apelekwe kimya kimya. Akija kwa shari, huyohuyo mtu ndiye wa kumtoa nje kwa adabu, akisaidiwa na mtu wa rika la mama, si na kijana wa ulinzi. Mpiga picha naye adokezwe asimsogelee na taa.

Kicheni pati ina shida yake: ni wanawake watupu, na muda ni mrefu. Utaulizwa. Andaa jibu moja na ulirudie kwa kila mtu bila kulinogesha: "Mama tumeongea, ana udhuru." Kama hamjaongea, sema "Mama ana udhuru" ubadilishe habari uulize pilau limefikia wapi. Anayeuliza mara ya tatu hatafuti jibu.

Hatua ya 8: Akikataa, au akija na masharti

Akikataa, sema "Nimekusikia mama," uondoke kabla chai haijapoa. Usilie pale. Usiseme utajuta. Siku mbili hizo usiwe na kikao chochote cha kamati; mimi nilikwenda Kapripointi nikakaa juu ya mawe nikitazama maji mpaka jua likazama, nikarudi nimevimba macho, nikalala kwa muda wa saa kumi na moja.

Masharti ni magumu zaidi kuliko kukataa. "Nitakuja, ila mjomba wako asiwepo." "Nitakuja, ila mkwe aje kuniomba radhi." Kanuni yangu: sharti linalokuhusu wewe mwenyewe lifikirie, sharti linalomtoa mtu mwingine kwenye shughuli likatae kwa upole siku hiyohiyo. Ukisema "nitaona", utakuwa umeahidi.

Kama usingizi umepotea wiki mbili, chakula hakipiti, au unafikiria heri usingekuwepo, hapo si suala la harusi tena. Nenda hospitali; Bugando kuna idara ya afya ya akili, na halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni pamoja na mivutano ya familia. Mawazo hayo yakija, usikae peke yako usiku huo, mwite mtu.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Simu yako iwe kwa msimamizi wako tangu usiku wa kuamkia harusi. Yeye ndiye atakayeamua ujumbe gani unakufikia. Usigeuke kutazama mlango wa kanisa. Mwenye kazi ya kutazama mlango yupo.

Mimi sikugeuka. Kwa hiyo sikumwona. Baada ya wiki mpiga picha aliponiletea kazi yake, ndipo nilipomkuta, picha ya mia mbili na kitu, benchi la tatu kutoka nyuma. Amevaa kitenge cha sare, ila ameshona mtindo wake, mikono mirefu, kwa fundi wake wa Sengerema. Ukumbini hakuja.

Hatua ya 10: Ndani ya wiki mbili baada ya harusi, nenda

Hata kama hakuja. Nenda na mume wako, siku ya kazi, bila kutangaza. Beba kipande cha keki kilichofungwa vizuri na picha zilizosafishwa, si za kwenye simu. Salimia, kaa, kula kitakachowekwa mezani. Msilale siku ya kwanza.

Mama aliivuta ile picha yangu karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Akauliza nani alinishonea gauni, maana kiuno kimepwaya.

Kiwanja hatujakigusa mpaka leo. Kaka huniletea ndoo ya dagaa kila giza linapoisha.